Kufuli lako, ufunguo wako

Katika ukurasa wa usalama na afya umezoea kusoma juu ya kofia, viatu vya chuma, vumbi la mawe na malaria. Leo tuzungumze juu ya chombo ambacho karibu kila mmoja wetu anakibeba mfukoni tangu asubuhi mpaka usiku, nyumbani na kazini, kanisani na sokoni. Chombo hicho ni simu.

Labda utauliza: «Simu inaingiaje katika mambo ya afya? Hiyo si kazi ya watu wa kompyuta?» Ngoja kidogo. Simu inaweza kukujeruhi kwa namna mbili. Ya kwanza, yaweza kukunyang'anya mshahara wa mwezi mzima kwa dakika mbili. Ya pili, yaweza kutoa nje siri ya ugonjwa wako, au wa bibi yako, au wa mtoto wako. Franga zilizopotea zaweza kutafutwa tena. Siri iliyotoka hairudi ndani.

KUFULI LA KAZINI NA KUFULI LA SIMU

Wewe unayefanya kazi kwenye mashini unaijua sheria hii. Kabla ya kuingiza mkono katika ukanda wa kubeba mawe au katika kinu cha kusaga, umeme unakatwa. Kisha kila mtu anayefanya kazi pale anatia kufuli lake mwenyewe juu ya swichi, ile kadena yenye jina lake. Watu watano, makufuli matano. Ufunguo unakaa mfukoni mwa mwenye kufuli. Kapita haombi ufunguo ule. Injinia haombi. Mkurugenzi naye hawezi kukuambia: «Nipe ufunguo wako, nina haraka.» Sababu gani? Kwa sababu nyuma ya kufuli lile kuna mkono wako na uhai wako.

Namba ya siri ya simu ni kufuli la namna hiyo hiyo. Ni moja, ni yako, na ufunguo wake unakaa kichwani mwako. Atakayekuomba ufunguo huo, hata akiwa na sauti ya heshima na Kifaransa kizuri, anataka kuwasha mashini wakati mkono wako ungali ndani.

Zamani mshahara ulihesabiwa mkononi, mbele ya dirisha la mlipaji. Mwizi alipaswa kukufuata njiani. M-Pesa ilianza mwaka 2007 katika nchi ya Kenya (si komine yetu ya Kenya!), ikafika kwetu Kongo mwaka 2012. Leo tuna pia Airtel Money na Orange Money, na kabini za kutuma na kutoa franga ziko kila kona, Katuba, Kamalondo, Ruashi, Kampemba, mpaka Kipushi. Ni jambo jema. Mama wa Likasi anapata franga za mwanawe bila kupanda motokari. Lakini mwizi naye amehama. Hakufuati tena njiani. Anakupigia simu.

MWIZI ANAINGIA KWA MDOMO

Watu wengi wanafikiri kwamba mdukuzi, yaani mtu anayevunja na kuingia katika simu na kompyuta za wengine, ni mchawi mwenye mashini za ajabu. Wako wenye ujuzi mkubwa, ni kweli. Lakini sikiliza habari ya Kevin Mitnick, Mmarekani aliyejulikana sana kwa kazi hiyo kabla ya kukamatwa mwaka 1995. Mwaka 2000, alipotoka jela, aliitwa mbele ya maseneta wa Marekani aeleze alivyofanya. Aliwaambia kwamba ni mara chache tu alihitaji ufundi wa mashini. Alipiga simu, akajifanya mfanyakazi mwenzao, akaomba. Na watu wakampa.

Wezi wa kwetu wanatumia njia hiyo hiyo. Hebu tuangalie hila nne zinazotumika sana.

Hila ya kwanza: «Franga zangu zimekuja kwako kwa makosa.» Unapata ujumbe unaosema umepokea franga. Dakika moja baadaye mtu anapiga simu analia: ni franga za dawa ya mtoto, tafadhali zirudishe. Wewe una huruma, unarudisha. Kumbe ujumbe ule uliandikwa na yeye mwenyewe, wala hakuna kitu kilichoingia. Dawa yake: usisome ujumbe tu, tazama hesabu yako mwenyewe. Kama franga zimeingia kweli, mwambie mtu huyo aende kwa kampuni yake ya simu. Wao wanajua namna ya kuzirudisha.

Hila ya pili: «Mimi ni wa kampuni ya simu.» Anasema hesabu yako itafungwa leo, au umeshinda zawadi, na anataka namba yako ya siri «ili kuhakikisha». Kumbuka kufuli la kazini. Wa kampuni ya simu wa kweli haombi namba ya siri, kama vile kapita haombi ufunguo wa kadena yako.

Hila ya tatu: namba sita za WhatsApp. Mwizi anaandika namba ya simu yako katika simu yake yeye. WhatsApp inatuma kwako ujumbe wenye tarakimu 6. Ndipo anakuandikia, mara nyingi kwa jina la rafiki yako ambaye yeye amekwisha kuibiwa: «Ndugu, nimetuma namba kwako kwa makosa, nisomee.» Ukimsomea, WhatsApp yako imekuwa yake. Jioni hiyo hiyo anawaomba franga shemeji zako, wenzako wa kwaya na wa kikundi cha likelemba, kwa jina lako na picha yako.

Hila ya nne haina maneno. Mtu anakuomba simu yako «dakika moja tu nipige kwa mama». Kwa dakika hiyo anaunganisha WhatsApp yako na kompyuta yake au simu yake nyingine. Anakurudishia simu, anakushukuru, na tangu hapo anasoma barua zako zote akiwa kwake. Wewe huoni kitu, simu yako inafanya kazi kama kawaida.

Wazee wamesema: mdomo uliponza kichwa. Katika hila hizi, tatu zinaingia kwa mdomo, na moja kwa mkono uliotoa simu.

NAMBA IPI NI KUFULI ZURI?

Tufanye hesabu kidogo. Namba ya siri yenye tarakimu 4 yaweza kuwa ya namna 10,000, tangu 0000 mpaka 9999. Hiyo ni nyingi. Lakini ukichagua mwaka wako wa kuzaliwa, mwizi anajua kwamba wengi wenye simu leo wamezaliwa kati ya mwaka 1950 na mwaka 2009. Hizo ni namba 60 tu. Na kama ameona kadi yako ya mchaguzi, hahitaji kubahatisha hata mara moja, maana tarehe yako imeandikwa pale. Wale wanaochagua 1234 au 0000 wametundika kadena bila kuifunga.

Chagua namba isiyohusu kuzaliwa kwako, wala kwa watoto wako, wala namba ya nyumba, wala namba yako ya kazi. Usiiandike nyuma ya simu. Usimwachie mtu wa kabini akubonyezee hata kama miwani umeisahau nyumbani. Ngoja mpaka uje na mtu wa jamaa yako unayemwamini. Na unapobonyeza, funika kwa mkono. Si dharau kwa aliye karibu. Fundi akitia kadena juu ya swichi, hakuna mwenzake anayesema: «Kumbe huniamini?»

Kwa WhatsApp, weka kufuli la pili. Katika simu za Kifaransa ingia sehemu ya «Paramètres», kisha «Compte», kisha «Vérification en deux étapes», uchague tarakimu 6 za kwako. Hata kama siku moja mtu atakudanganya umsomee ile namba inayotumwa, atakuta mlango wa pili umefungwa. Halafu tazama mahali palipoandikwa «Appareils connectés». Ukiona pale mashini usiyoijua, itoe. Fanya hivyo kila mwisho wa mwezi, siku ile ile unayohesabu mshahara.

SIRI YA UGONJWA

Sasa tufike kwenye sehemu inayotuhusu zaidi sisi wa dispansere.

Mtu anapoingia kwa muganga, anavua nguo na anavua siri. Anasema mambo ambayo hakumwambia bibi yake wala padri wake. Anasema kwa sababu anaamini hayatatoka. Imani hiyo ni sehemu ya dawa. Ikivunjika, dawa nayo haifanyi kazi, maana mgonjwa harudi tena kuichukua.

Chukua kifua kikuu, ugonjwa ambao sisi watu wa mashimo na wa vumbi la mawe tunaujua vizuri. Dawa yake ya kawaida inanywewa miezi 6. Mwezi wa pili mgonjwa anajisikia vizuri, lakini wadudu hawajakwisha. Kama katikati ya safari majirani wameanza kumnyooshea kidole, anaona haya, anaacha kufika. Ndipo ugonjwa unarudi na nguvu, na safari hii dawa za kwanza zaweza kushindwa. Waliosambaza habari yake wamejidhuru wao wenyewe, kwa sababu kikohozi chake kinarudi katika avenyu yao, na katika shule ya watoto wao.

Vivyo hivyo kwa ukimwi. Anayekunywa dawa kila siku bila kukosa anaishi, anafanya kazi, analea watoto. Anayeziacha kwa sababu jina lake limesemwa katika kikundi cha WhatsApp cha kartiye, huyo anaugua.

Na siri hizo zinatokaje? Mara nyingi hazitoki kwa mdukuzi wa mbali. Mtu anapiga picha karatasi ya labo ili amtumie kaka yake Kolwezi. Kaka anaionyesha kwa rafiki. Rafiki anaituma mbele. Mwingine anapiga picha ya mwenzake aliyeumia kazini, damu inatoka, na kabla ya gari la hospitali kufika, picha imekwisha kuonwa na mama wa yule mtu sokoni. Ndugu, fikiri kidogo. Ungependa mama yako apate habari yako namna hiyo? Mtu akiumia, simu yako ni ya kuita msaada. Picha inayohitajika kwa uchunguzi wa ajali inapigwa na waliotumwa kazi hiyo, na inakaa kwao.

Ujue pia kwamba sheria iko upande wa mgonjwa. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inawalinda watu wanaoishi na virusi vya ukimwi, na inakataza kutoa siri ya hali yao. Na tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina «Code du numérique», sheria ya mambo ya kompyuta na intaneti, inayolinda habari za mtu binafsi, na habari za afya yake pia. Kwa hiyo, anayesambaza karatasi ya labo ya jirani asifikiri anacheza tu.

YALIYOTOKEA KWINGINE

Kuna siku nyingine siri zinatoka kwa wingi, kwa sababu kompyuta iliyozitunza haikufungwa vizuri. Tupate mafundisho kwa wengine kabla ya kufundishwa na msiba wetu.

Huko Ufini, katika Ulaya ya kaskazini, palikuwa na kampuni iliyoitwa Vastaamo, ya kutibu watu wenye taabu za moyo na akili. Mdukuzi aliingia katika kompyuta zake, akachukua maandishi ya wagonjwa wapata 33,000: yale waliyoyasema wamefunga mlango, juu ya ndoa zao, huzuni zao, utoto wao. Mwezi wa Oktoba 2020 wagonjwa wenyewe walianza kupokea barua: lipa euro 200, la sivyo kila mtu atasoma mambo yako. Mahakama ilimhukumu mtu mmoja mwaka 2024 miaka 6 na miezi 3 jela. Lakini hukumu haikuweza kuyafuta yaliyokwisha kutoka.

Mwezi wa Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia katika mashini zake, mahali palipoandikwa habari za watu zaidi ya 515,000. Hao walikuwa watu gani? Waliotenganishwa na jamaa zao kwa vita, kwa kuhama, kwa msiba, wafungwa, waliopotea. Sisi Wakongo tunajua maana ya kazi hiyo. Ni jamaa ngapi za mashariki ya nchi yetu zilizotafutana kwa njia ya Msalaba Mwekundu? Mtu aliyekwisha kupoteza nyumba alibaki na jina lake na mahali alipojificha, na hayo ndiyo yaliyofikiwa na wezi.

Hasara nyingine ni pale hospitali inaposimama. Tarehe 12 Mei 2017, programu ya wizi iliyoitwa WannaCry ilienea kwa siku moja katika nchi nyingi za dunia. Ilifunga mafaili yote ya kompyuta na kudai dola 300 ili kuyafungua. Katika Uingereza, walau makundi 80 ya hospitali kati ya 236 yalipata taabu, na inakadiriwa kwamba tarehe zaidi ya 19,000 za wagonjwa kuonana na daktari zilifutwa. Na jambo la kusikitisha ni hili: dawa ya ugonjwa huo ilikuwako tangu mwezi wa Machi. Kampuni ya Microsoft ilikwisha kuitoa. Kompyuta zilizougua ni zile ambazo hazikutiwa dawa hiyo, au zilizokuwa za zamani mno. Ni chanjo iliyokaa katika friji wakati surua inapita mlangoni.

Karibu na kwetu, katika Afrika ya Kusini, tarehe 22 Juni 2024 wadukuzi waliingia katika kompyuta za NHLS, shirika la labo linalohudumia hospitali za serikali nchi nzima. Waganga walikosa kupata matokeo ya damu kwa kompyuta. Yale ya haraka yalibidi kusemwa kwa simu, moja moja. Yeyote aliyewahi kungoja jibu la damu usiku, na mgonjwa mbele yake anahema, anajua uzito wa saa moja.

Na usifikiri viwanda vya madini vimesamehewa. Mwezi wa Machi 2019 kampuni ya Norsk Hydro ya Norwe, inayotengeneza aluminiumu na iliyokuwa wakati huo na wafanyakazi wapata 35,000 katika nchi 40 hivi, iliamka na kukuta kompyuta zake zimefungwa na wezi. Mlango ulikuwa nini? Faili moja iliyofika pamoja na barua ya mteja waliyemwamini. Mfanyakazi aliifungua. Kampuni ilikataa kulipa wezi, ikarudia karatasi na kalamu kwa muda mrefu. Hao walinusurika kwa sababu walikuwa na nakala za mafaili yao pembeni, na watu waliojua kuendesha kazi kwa mikono.

Basi wewe unayefanya kazi bironi, au penye mizani, au kwenye chumba cha kuongoza mashini: usichomeke katika kompyuta ya kampuni ufunguo wa USB uliookota, au uliotumia jana kuchukua sinema kwa rafiki. Usifungue faili usiyoingojea, hata kama jina la mtumaji unalijua, mpigie kwanza. Kompyuta ikiomba kutiwa programu mpya, usiifungie mdomo miezi mitatu. Mwambie mwenye kazi hiyo.

FUNDI WA SIMU NA MTOTO MWENYE AKILI

Hapa Lubumbashi tuna vijana hodari wa kutengeneza simu. Ana meza ndogo chini ya mwavuli, chuma cha kuunganishia risasi, bisibisi nyembamba kama sindano, na anafufua simu ambayo duka lilisema imekufa. Tuwaheshimu. Wamejifunza kwa macho na kwa mikono, kama mafundi wetu wengi wa zamani. Lakini heshima haikatazi akili.

Kwa kubadilisha kioo au betri, fundi hahitaji namba yako ya siri. Toa kadi ya SIM na kadi ya kumbukumbu, uzitie mfukoni mwako. Kaa pale mpaka kazi ikwishe, kama inawezekana. Kama anasema lazima aifungue simu ili kuijaribu, ifungue wewe, mbele yako. Na siku ya kuuza simu ya zamani, usifute picha tu. Irudishe yote katika hali ya kiwandani, baada ya kutunza nakala ya mambo yako. Anayeuza simu bila kuifuta ameuza na barua zake.

Neno moja la usalama kwa mafundi wenyewe. Betri ya simu ina kobalti ndani yake. Yawezekana sana ni kobalti ya udongo wetu huu wa Katanga. Betri hiyo ikitobolewa, ikikunjwa au ikivimba, yaweza kuwaka moto wa ghafula. Betri iliyovimba isibonyezwe irudi ndani; itolewe, iwekwe mbali na vitu vya kuungua. Na moshi wa risasi usivutwe: geuza uso, fungua mlango, nawa mikono kabla ya kula. Wewe nyumbani, usichaji simu chini ya mto wa kulalia.

Sasa juu ya mtoto. Wazazi wengine wanaona kijana amefungua redio, amefungua simu, anakaa usiku mbele ya ordinatere, wanaogopa: atakuwa mwizi. Wasikie habari hii. Ile programu ya WannaCry niliyoisema ilizuiwa na kijana Mwingereza wa miaka 22, Marcus Hutchins, aliyejifunza mwenyewe. Aliona ndani yake kwamba programu ile inauliza jina fulani la intaneti kabla ya kushambulia. Akalinunua jina lile kwa dola chache, na programu ikaacha kuenea. Watu wengi walimshukuru. Miezi michache baadaye alikamatwa Marekani, kwa sababu alipokuwa bado mdogo aliwahi kuandika programu ya kuiba katika benki. Alikiri mwaka 2019, na hakimu, akiangalia mema aliyoyafanya baadaye, hakumfunga tena.

Unaona? Akili ilikuwa ile ile, na mikono ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni njia, na watu waliokuwa karibu naye. Mtoto wako akipenda mashini, usimnyang'anye bisibisi. Kaa naye. Muulize anachofanya. Mtafutie mwalimu, mpeleke shule ya ufundi. Nchi yetu inawahitaji: mwaka 2013 injinia mwanamke, Thérèse Izay, aliwaonyesha watu wa Kinshasa roboti za kuongoza magari barabarani, zilizobuniwa hapa hapa Kongo. Na mtoto anayejua kufuli linavyofanya kazi ndiye atakayekufungia lako.

UKIWA UMEKWISHA KUIBIWA

Ajali ikitokea kazini, hatufichi. Tunatoa habari upesi ili wengine wasiumie. Fanya vivyo hivyo.

Kwanza, piga simu kwa kampuni yako ya simu, au nenda kwenye duka lao na kadi yako, uombe hesabu ifungwe. Kila dakika ina thamani. Pili, badilisha namba za siri. Tatu, waambie jamaa na wenzako, kwa mdomo au kwa simu nyingine: «Akija mtu kwa jina langu kuomba franga, si mimi.» Nne, kama simu yenyewe imeibwa, peleka polisi namba yake ya IMEI. Wengi wetu tulilisikia neno hilo mwaka 2020, wakati wa RAM, ile kodi ya simu iliyoondolewa mwaka 2022. Kodi imekwisha, lakini IMEI ingali na faida: ni tarakimu 15 zinazotambulisha simu yako. Bonyeza *#06# leo, uziandike kwenye karatasi, uiweke nyumbani.

Na usione haya. Walioibiwa si wapumbavu. Wezi hao wanacheza na huruma yako, woga wako na haraka yako, na mambo hayo matatu kila mtu anayo. Anayekaa kimya kwa haya anamwachia mwizi jirani yake.

YA KUKUMBUKA

1. Namba ya siri ni kadena yako: mtu mmoja, ufunguo mmoja. Anayeiomba ni mwizi.

2. Namba isiwe mwaka wa kuzaliwa, wala 1234.

3. Tazama hesabu yako kabla ya kurudisha franga za mtu.

4. Tarakimu 6 za WhatsApp hazisomwi kwa mtu yeyote.

5. Picha ya mgonjwa, ya maiti, ya ajali au ya karatasi ya labo haitumwi mbele. Ikikufikia, ifute.

6. Ufunguo wa USB usioujua hauingii katika kompyuta ya kazi.

7. Ukiibiwa, sema upesi.

Ndugu msomaji, jioni hii, kabla ya kulala, kaa na bibi yako na watoto wakubwa, msome orodha hii pamoja, na kila mmoja atazame simu yake. Itawachukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Kesho kazini mwulize mwenzako kama naye amefanya. Maji yakimwagika hayazoleki. Basi tushike mtungi vizuri.